Mahafali katika siku za giza

Nilipompigia mama simu kumwambia tarehe ya mahafali imetoka, hakupiga kigelegele. Alinyamaza kidogo, nikasikia upepo wa ziwa ukivuma kwenye simu yake, kisha akauliza, "Siku hiyo mwezi utakuwaje?"

Msomaji wa mjini ataona hilo ni swali la mganga. Mimi nililielewa palepale. Mama anaishi kwa dagaa wa Ziwa Mweru, wale tunaowaita chisense, na chisense huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na samaki hana sababu ya kuifuata taa ya mtu. Nikafungua kalenda. Mahafali yetu ya ualimu, hapa Mansa, yameangukia wiki ya tatu ya Novemba, siku zilezile ambazo mwezi unakufa. Tena hilo ndilo giza la mwisho. Tarehe 1 Desemba serikali ya Zambia hufunga uvuvi, na nyavu hazirudi majini mpaka Februari iishe.

"Ni giza, mama."

"La mwisho?"

"La mwisho."

"Haya. Nimesikia, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimejaribu mara kadhaa kuandika kumbukumbu za miaka yangu mitatu ya chuo kama wanavyofanya wenzangu: picha kumi za kuchagua, shukrani kwa wakufunzi, utani wa bwenini. Kila nikianza najikuta ziwani. Sina namna nyingine ya kuihesabu miaka hii. Wenzangu wanasema "muhula wa pili, mwaka wa kwanza". Mimi nakumbuka giza gani lilikuwa zuri, ziwa lilipofungwa tulikuwa na magunia mangapi, na lilipofunguliwa nilikuwa nadaiwa kiasi gani.

Nianze na kisiwa, maana jina lake limenichosha. Nikimwambia Mtanzania kwamba mimi ni wa Kilwa, uso wake unachangamka. Ataanza na magofu, ataendelea na msikiti mkuu, atamalizia na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331. Hapana ndugu yangu, hiyo ni Kilwa ya Lindi. Yetu ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Na ili mambo yasiwe rahisi, ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, kuna mji nao unaitwa Kilwa. Kisiwa kimelala karibu na Kongo kuliko Nchelenge. Kwa macho ya kawaida kilipaswa kuwa chao, lakini kilishughulikiwa na watu waliokaa mezani Ulaya. Katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, mpaka ulikatwa kwa mstari mnyoofu kutoka pale maji yanapotoka ziwani hadi pale mto Luapula unapoingia, kisha likaongezwa sharti: mstari upindishwe upande wa kusini ili Kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Kimetajwa kwa jina. Kwa sababu ya mpindo huo wa kalamu mimi nimesoma kwa Kiingereza, na binamu yangu, ambaye kwao na kwetu twaweza kutazamana moshi wa jikoni, anamalizia masomo yake Lubumbashi kwa Kifaransa.

Mama ni wa Kilwa ya mji. Alivuka na mimi mgongoni Oktoba 2004, wakati wanajeshi walipoingia kuurudisha mji kutoka kwa kikundi cha waasi na raia zaidi ya 70 wakauawa. Wengi walikimbilia majini kwa mitumbwi. Mama hasimulii zaidi ya hapo, nami sijamlazimisha. Baba alikuwa mvuvi wa Kashikishi, ufukweni upande wa Nchelenge, msemaji wa Kibemba, na kisiwani ndiko lugha zao zilikokutana. Nyumbani kwetu mama husema bintu na batoto, ugali ni bukari. Baba aliita ubwali, akataka tumwite batata, yaani baba. Kiswahili hiki ninachoandika nimekiokota redioni, na kwa mwenzangu wa chumba aliyekulia Nakonde, mpakani na Tunduma, ambaye kwa miaka mitatu hajachoka kunisahihisha. Mpaka leo nikikasirika natoka "njo vile" badala ya "ndivyo", naye hucheka mpaka hasira yangu inaisha.

Nilimaliza kidato cha mwisho, darasa la 12, mwaka 2021. Kwa wasiojua: Januari 2022 ndipo serikali mpya ilipofuta ada katika shule za umma, za msingi na za sekondari. Maana yake mimi ni wa mwisho kulipiwa na dagaa hadi mlango wa mwisho, na mdogo wangu wa kiume ni wa kwanza kupita bure. Hunikumbusha hilo kila tukigombana. Mwaka mzima nilikaa ufukweni Kashikishi nikianika na kufungasha, ndipo Januari 2023 nikaingia chuo.

Januari. Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo, na nashangaa kwamba sijawahi kulisikia likizungumzwa katika mkutano wowote wa elimu. Mwaka wa masomo nchini mwetu huanza Januari, na Januari ndiyo katikati ya miezi mitatu ambayo ziwa limefungwa. Mtoto wa mkulima wa mahindi ana matatizo yake, lakini mtoto wa mvuvi hudaiwa karo katika mwezi ambao ni kosa la jinai kwa baba yake kufanya kazi.

Sisemi ziwa lisifungwe. Ningekuwa mjinga, na bibi yangu mzaa baba angenitokea ndotoni. Bibi alikuwa akimtaja mpumbu kama mtu anayemtaja jirani aliyehama bila kuaga. Mpumbu alikuwa samaki mkubwa, mnono, aliyepanda mto Luapula kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga. Watu walimngojea njiani na nyavu zao. Kasenga, upande wa Kongo, kulikuwa na wafanyabiashara wa Kigiriki waliomnunua na kumpeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwalisha wachimba shaba. Shaba ilitaka watu wengi, watu walitaka kula, na mpumbu akakamatwa akiwa na mayai tumboni mwaka baada ya mwaka. Kufikia katikati ya karne iliyopita misafara yake ilikuwa imekatika. Bibi alikuwa msichana. Kwa hiyo ninapoona boti la doria Desemba sikunji uso. Manung'uniko ya vijana wanaomvulia mama ni mengine: kwamba samaki hajui mpaka wa 1894, na sisi tukipumzika haimaanishi kila mtu ziwani amepumzika.

Mama alipata dawa yake ya tatizo la Januari. Dagaa wa giza la mwisho, wa Novemba, hakuwauza. Aliwakausha juani siku mbili, mchanga ukiwa bado mkavu kabla mvua hazijachachamaa, akajaza magunia, akayapanga chumbani ninamolala. Soko likiishiwa, Januari, bei hupanda. Ndipo magunia yangetoka. Hesabu nzuri kabisa. Kwa hiyo majuma manne kabla ya kuanza chuo nililala chumba kimoja na karo yangu, na karo yangu ilinuka.

Ilinifuata. Nilifua nguo mara tatu, nikazitundika upepo wa ziwa, nikapanda basi la Mansa, zaidi ya kilomita 200, na nilipofungua begi bwenini kila mtu aligeuka. "Nani kaja na ziwa?" aliuliza mmoja. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa wiki nzima nililala nikiwa nimetazama ukuta. Ilikuwa mwisho wa mwezi ndipo mambo yalipobadilika, pesa za watu zilipokwisha na mboga ikawa ni kabichi mfululizo. Yule aliyeuliza nani kaja na ziwa alikaa pembeni ya kitanda changu, akakohoa kidogo, akasema, "Dada, ule mfuko wako, bado una kitu?" Tulikaanga chisense kwa nyanya na kitunguu, tukapika ubwali, na tangu siku ile nikawa mtu wa heshima kila tarehe 25.

Gunia moja liliota ukungu mwaka ule. Mvua iliingia kwa nyuma ya paa. Nikalipa nusu, na nusu nyingine nikaahidi Machi, kwa maana ziwa lingefunguliwa. Maneno "ziwa likifunguliwa" niliyasema mara nyingi sana mbele ya dirisha la malipo, hata karani akanibatiza jina: Machi.

Sasa niseme juu ya taa.

Mwaka 2024 ulikuwa wa ukame. Nusu ya kusini ya nchi mahindi yaliungua shambani, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la taifa. Kwa bahati ya kalenda, siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kufungwa kwa ziwa letu. Kule kusini watu walikuwa wakisikia kwamba hakuna kitu, na sisi kaskazini tulikuwa tunatia mafuta kwenye injini. Lakini ukame ulitufikia kwa waya. Umeme wa Zambia kwa sehemu kubwa ni maji, na maji ya Ziwa Kariba yaliposhuka ukaanza mgao ambao sijawahi kuuona: saa 17 kwa siku bila umeme, baadaye zaidi. Bwenini tulisoma kwa mishumaa, kwa simu, kwa kupokezana tochi. Kuna aliyeunguza chandarua na daftari usiku mmoja, tukamcheka kwanza, kisha tukaogopa.

Nilimweleza mama kama mtu anayelalamikia hali ya hewa. Wiki iliyofuata dereva wa basi alinipigia simu niende stendi nikachukue mzigo. Ndani ya sanduku la katoni, imefungwa kwa kanga, kulikuwa na taa ya kuvulia. Zamani wavuvi wetu walitumia karabai. Siku hizi ni taa za betri, nyeupe, kali, huchajiwa juani. Imetengenezwa kumdanganya samaki kwamba kumekucha, basi fikiria ilivyokuwa ndani ya chumba cha wasichana sita. Tuliitundika darini. Wasichana wa vyumba vya jirani walikuja na madaftari yao, wakakaa sakafuni, wakajaa mpaka mlangoni, na mwenzangu wa Nakonde akasema, "Ona, chisense wamekuja." Mtihani wa mwisho wa mwaka ule tuliusomea chini ya taa ile. Nimesikia hotuba nyingi chuoni juu ya mwanga wa elimu, na kila mara nilibana kicheko, kwa sababu mimi nilijua mwanga wa elimu umetoka Kashikishi kwa basi na una harufu.

Nilichokuja kujua baadaye, tena kwa mdomo wa mdogo wangu, ni kwamba boti la mama lilikuwa na taa tatu. Msimu mzima lilivua na mbili. Vijana walilalamika, mmoja akaondoka akaenda boti jingine. Mama hakuniambia. Nilipomuuliza alisema tu, "Mbona samaki walikuja?"

Mafunzo yetu ya vitendo yaliangukia muhula wa kwanza wa mwaka huohuo wa 2024, nami nikaomba kisiwani. Wenzangu walishangaa, watu huomba shule zilizo karibu na lami. Muhula wenyewe ulichelewa. Kipindupindu kilikuwa kimeshika nchi, Lusaka zaidi, na shule zilizokuwa zifunguliwe mapema Januari zikasogezwa hadi tarehe 12 Februari. Nilikaa kisiwani wiki tano nikingoja, andalio la somo la siku ya kwanza likiwa limeandikwa, likafutwa, likaandikwa tena. Nilichora zana zangu juu ya mifuko ya unga iliyopasuliwa, kama walimu wote wa nchi hii wanavyofanya: mwili wa binadamu upande mmoja, na nyuma yake bado inasomeka kilo 25.

Darasa la pili, watoto zaidi ya 60. Hisabati. Nilikusanya visoda, kila meza visoda kumi, wahesabu kwa zamu. Lugha ya kufundishia madarasa ya chini mkoani kwetu ni Kibemba, mojawapo ya lugha saba ambazo wizara inazitambua mashuleni. Kiswahili si mojawapo. Zamu ikamfikia mvulana mmoja mdogo, mgeni, aliyekuwa ametoka ng'ambo na mama yake miezi michache nyuma. Alikuwa hajasema neno darasani tangu nifike. Akavuta kisoda cha kwanza.

"Moya."

Wachache waligeuka.

"Mbili. Tatu. Ine. Tano."

Na hapo hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mtoto wa Kibemba husema fibili, fitatu, fine, fisano. Ni njia moja, miguu ileile. Niliona mabega ya yule mvulana yakilegea. Akavuta kisoda kingine, akasema kwa sauti, "Sita."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kibemba sita ni mutanda. Hapo ndipo njia zinapoachana. Tena kibaya zaidi, kwa sikio la Kibemba "sita" yake ilikuwa jirani kabisa wa "shita", yaani nunua. "Unauza nini?" walipiga kelele. "Chisense! Anauza chisense!" Mvulana akarudisha mikono chini ya meza.

Katika miaka mitatu ya chuo nimefundishwa mambo mengi ya kweli juu ya mtoto na lugha yake. Hakuna hata moja lililonijia wakati ule. Kilichonijia ni ufukwe wa Kashikishi asubuhi, wanawake wakingojea boti. Nikasema, "Vizuri. Duka limefunguliwa. Muuzaji ni huyu. Kila akifika sita, mtu mmoja anakuja kununua, na lazima ahesabu kwa Kibemba kile anachonunua." Kwanza walidhani natania. Kisha foleni ikaundwa. Kelele ilikuwa kubwa hata mwalimu wa darasa la nne akachungulia. Yule mvulana aliuza visoda mpaka kengele ikalia, na kufikia mwisho alikuwa akisema "sita, mutanda" kwa pumzi moja kama jina la mtu na la baba yake.

Alama zangu za siku ile hazikuwa za kujivunia. Msimamizi aliyekuwa amekaa nyuma aliandika kwamba somo liliacha andalio dakika ya kumi na halikurudi. Ni kweli, halikurudi. Aliandika pia nizingatie lugha iliyowekwa, na hilo nalo ni kweli. Sina ugomvi naye. Alikuja kwa mtumbwi wenye injini kunikagua, akalowa mpaka kiunoni, na bado alikuwa mpole. Lakini kama ningeulizwa ni lini niliacha kuwa mwanachuo nikawa mwalimu, nisingetaja mahafali. Yule mvulana darasani aliniita "ba madamu" kama wote. Jioni, ufukweni, akikutana nami amebeba ndoo, aliniita mwalimu.

Somo jingine lilinishinda wazi. Ilikuwa sayansi, mada malaria, na nchi yetu hii ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Zambia. Watafiti wamekaa huku miaka kwa sababu yake. Nikauliza chandarua ni cha nini. Mkono ukanyooshwa kwa haraka sana. "Cha kuvulia chisense, ba madamu." Nikauliza tena, nikibadili swali. Jibu lilelile. Kwa vile wakati huo ziwa lilikuwa bado limefungwa, mwingine akaongeza kwa uangalifu, "Lakini siyo sasa."

Njiani kurudi chuoni Mansa, basi la kwetu hupita jirani na Mbereshi. Kila nikipita huangalia upande ule. Mwaka 1915 alifika pale Mwingereza mmoja, Mabel Shaw, wa shirika la wamisionari la London, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Alikaa mpaka 1940. Ni mwendo mfupi kutoka Mwansabombwe, kwenye ikulu ya Mwata Kazembe, ambako kila Julai watu hujaa kumwona akicheza ngoma ya Mutomboko. Kwa hiyo usidhani kwamba wasichana wa bonde hili tumeanza kusoma jana. Ila shule ile ilikuwa moja, na bonde ni refu, na bibi yangu alikuwa anahitajika kuondoa magamba ya samaki. Nchi yenyewe ilipopata uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964, ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu takriban 100 tu, katika taifa zima lenye migodi ya shaba iliyotajirisha wengine kwa miongo kadhaa. Chuo Kikuu cha Zambia kilipofunguliwa mwaka 1966, sehemu ya gharama ilikuwa imechangwa na wananchi. Walileta pesa waliokuwa nazo, na wasiokuwa nazo wakaleta mahindi na kuku. Nilipojifunza hilo mwaka wa kwanza, wakati uleule nilipokuwa nimetazama ukuta kwa aibu ya harufu, nilijisikia nimepata ndugu. Kuku nao wananuka.

Wiki hizi za mwisho bweni limekuwa kama stendi. Watu wanauza majiko, ndoo, magodoro. Mwenzangu wa Nakonde ananiachia pasi yake ya mkaa na mimi namwachia kamusi. Usiku tunaongea juu ya ajira, na mazungumzo hayo huanza kwa kelele na kuishia kimya. Tulipokuwa tunajaza fomu za kujiunga, redio zilikuwa zimejaa habari njema: mwaka 2022 serikali iliajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mkupuo. Tuliingia chuo tukiwa na namba hiyo kichwani. Miaka iliyofuata nafasi zikawa elfu chache tu, na waliohitimu miaka mitano iliyopita wapo kwenye foleni mbele yetu. Mmoja wao ananiuzia vocha hapa nje ya geti. Ana diploma ileile nitakayopewa mimi, na humaliza kila mazungumzo kwa kusema "mwalimu mwenzangu", hata kabla sijahitimu.

Mimi nimeshaamua, na nimechekwa kwa uamuzi huo. Nitaomba kisiwa tena. Huko hakuna foleni ndefu. Na wakati nangoja kuajiriwa nitakaa na mama ufukweni; miezi mitatu ya kufungwa ina watoto wengi wasio na la kufanya na ina mwalimu mmoja asiye na mshahara. Taa ninayo. Imefungwa ndani ya kanga ileile, nimeifuta vumbi, betri bado inashika. Nilitaka kuirudisha kabla ya giza hili la mwisho ili boti livue na taa tatu, nikamwambia mama nitaituma kwa basi.

"Usiitume," alisema jana. "Itavunjika. Nitaichukua mwenyewe."

Ndipo nilipojua kwamba anakuja. Sikusema kitu, nikaogopa asije akabadili mawazo. Akaendelea kuuliza maswali kama mtu anayepatana bei. Joho lile linakodishwa kwa shilingi ngapi? Ndivyo huziita kwacha mpaka leo, shilingi. Nikamtajia. Akaguna, akalipima kwa madebe ya chisense, akasema ni ghali kwa nguo ya kuvaa asubuhi moja. Kwa nini ni jeusi, kwani kuna msiba? Nikamweleza kwamba lilianza kwa mapadri wa Ulaya waliokuwa wanasomesha kwenye baridi. Akasema Novemba hapa hakuna baridi.

"Na wewe watakuita kwa jina?"

"Ndiyo mama. Jina, napanda jukwaani, napokea, nashuka."

"Inachukua muda gani?"

"Haifiki nusu dakika."

Nikasikia upepo tena, na sauti ya mtu akiburuta kitu kizito mchangani.

"Vijana watavua bila mimi usiku huo," alisema. "Wataniibia ndoo mbili, najua. Haya. Basi la kurudi Kashikishi linaondoka saa ngapi?"